MAUMIVU YA VIUNGO: TUJUE AINA ZAKE NA MAHALI PA TIBA



Katika mashamba ya chai ya Fort Portal na viwanda vya sukari vya upande wa Jinja, Uganda, mtu akiumwa goti, kidole au kiuno utasikia wenzake wakisema, "Ni baridi yabisi tu, kunywa vidonge urudi kazini." Neno hilo "tu" limewafanya wengi kuwa vilema. Maradhi ya viungo ni ya aina nyingi, na dawa inayomfaa huyu haimfai yule. Leo tueleze aina nne.

Ya kwanza ni KUCHAKAA KWA KIUNGO. Kwenye ncha ya mfupa wa ng'ombe buchani utaona kitu cheupe chenye utelezi. Hicho ni gegedu. Sisi nasi tunalo, nalo hufanya kazi kama beringi ya mashine. Linaharibika kwa umri, kwa uzito wa mwili, kwa kupiga magoti na kubeba mizigo miaka mingi, au kwa jeraha la zamani. Maumivu huzidi ukifanya kazi na hupungua ukipumzika. Asubuhi kiungo hukakamaa, lakini kwa kawaida huachia kabla ya nusu saa.

Ya pili ni BARIDI YABISI YENYEWE. Hapa kiungo hakikuchakaa. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia utando wa ndani ya viungo. Vidole vya mikono na miguu huvimba pande zote mbili. Asubuhi vinakakamaa kwa saa nzima au zaidi, na mchuma chai anashindwa hata kufunga kifungo cha shati. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na vijana pia hawakuachwa. Isipotibiwa mapema hula mfupa, na mfupa ulioliwa haurudi.

Ya tatu ni JONGO. Asidi ya yuriki ikizidi katika damu hugeuka chembe kali kama vipande vya chupa na kukaa ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Maumivu huja ghafla, hasa usiku. Pombe, nyama nyingi na maini huyachochea.

Ya nne ni USAHA NDANI YA KIUNGO. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na mtu akawa na homa, apelekwe hospitali SIKU ILE ILE. Ugonjwa huu unaweza kuharibu kiungo kwa siku chache, na unaweza kuua.

Njia ya tiba ni hii. Anzia kituo cha afya. Ikiwa viungo vimevimba kwa wiki kadhaa, omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kama zile za Fort Portal na Jinja. Wakishindwa, kuna Hospitali ya Taifa ya Mulago mjini Kampala. Daktari bingwa wa viungo atakuuliza maswali, atakupima damu na kukupiga picha ya eksirei. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi: mtu anaweza kuwa na baridi yabisi na kipimo kisiione. Kwa hiyo eleza vizuri, ni viungo vipi, tangu lini, na asubuhi hali ikoje.

Baridi yabisi haina dawa ya kuifuta kabisa, lakini inazuilika. Dawa inayotumika sana ni methotrekseti. Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, si kila siku. Kuimeza kila siku kumewaua watu. Mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba au anayetaka kubeba mimba asiitumie. Tena haifanyi kazi kwa haraka. Huchukua wiki sita hadi kumi na mbili. Vidonge vya prednisoloni na diklofenaki vinavyouzwa madukani hutuliza haraka, lakini vikitumiwa kiholela vinaleta madhara: diklofenaki huchoma tumbo na kuumiza figo, na prednisoloni hudhoofisha mifupa. Kwa goti au nyonga iliyokwisha kabisa, daktari wa upasuaji wa mifupa anaweza kuweka kiungo cha bandia.

Sasa tazameni upande wa kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mgonjwa aliyetimiza angalau mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kuugua. Mwezi wa pili ukiisha naye bado anaumwa, mwajiri anaruhusiwa kumwachisha. Linganisheni: dawa inataka wiki sita hadi kumi na mbili, sheria inatoa miezi miwili. Anayeficha ugonjwa mpaka aanguke ameshachelewa. Anayeanza tiba angali anafanya kazi ana nafasi ya kubaki kazini.

Kwa hiyo:
(a) Mjulishe mwajiri mapema, na utunze kila cheti cha daktari.
(b) Ukiumia goti au mkono kazini, hakikisha imeandikwa siku hiyo hiyo.
(c) Wajumbe wa matawi, dai la kazi nyepesi kwa mgonjwa na ruhusa ya kwenda kliniki liingizwe katika mkataba wa pamoja.

Mikono ndiyo mali yetu. Tusingoje ipinde ndipo tuitafutie daktari.