NCHI JIRANI: Kodi ya Mshahara na Mabega ya Mwenye Kipato Kidogo

Hakuna dola iliyopata kusimama bila kodi. Barabara, zahanati, shule, mafuta ya gari la doria na posho ya askari aliye lindoni, vyote hutoka katika mfuko mmoja unaojazwa na wananchi. Kwa hiyo kama kodi ilipwe au isilipwe si jambo la kubishaniwa. Swali lililozikabili serikali za nchi jirani katika miaka ya karibuni ni jingine, nalo ni gumu zaidi: je, mfanyakazi wa mshahara mdogo aongezewe kodi ya mapato, au mzigo huo utafutiwe mabega mengine?

Wanaotaka aongezewe wanazo hoja zao, na ni haki zisikilizwe. Wanasema kwamba kila raia anayefaidi ulinzi na huduma za nchi yake hana budi kuchangia, hata kama mchango wenyewe ni mdogo, maana haba na haba hujaza kibaba. Wanasema pia kwamba walipa kodi ya mapato ni wachache mno. Nchini Kenya, kwa mfano, zaidi ya asilimia 80 ya watu wenye kazi nje ya kilimo kidogo wamo katika sekta isiyo rasmi, ambako hakuna hati ya mshahara wala mwajiri wa kukata kodi kila mwisho wa mwezi. Aidha, wanaongeza kwamba serikali inayotegemea mikopo badala ya kodi za wananchi wake inaweka rehani uhuru wake.

Hoja hizo zina uzito, lakini zinasahau jambo moja la msingi. Mwenye kipato kidogo hulipa kodi kabla hata hajafikiwa na kodi ya mapato. Anaponunua bidhaa nyingi za dukani hulipa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Kenya ni asilimia 16, na nchini Uganda na Rwanda ni asilimia 18. Kodi hiyo haimuulizi mnunuzi ana mshahara gani. Tajiri na tarishi wakinunua sabuni ya bei moja, hulipa kodi sawasawa. Lakini kwa tarishi fedha ile ni sehemu kubwa zaidi ya pato lake. Kodi ya mapato iliwekwa ili kusawazisha jambo hilo, kwa kumtoza zaidi mwenye nacho na kumpa nafuu asiye nacho. Ikianza kumkamua wa chini, inapoteza sababu ya kuwapo kwake.

Hali ya Kenya inatoa fundisho la wazi. Kwa sheria ya nchi hiyo, mfanyakazi anayepata shilingi 24,000 kwa mwezi halipi kodi ya mapato, kwa sababu kodi ya asilimia 10 anayostahili kutozwa inafutwa na nafuu ya shilingi 2,400 anayopewa kila mlipa kodi. Tena, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliongeza kodi ya wenye mishahara mikubwa: asilimia 32.5 kwa sehemu ya pato inayozidi shilingi 500,000 kwa mwezi, na asilimia 35 kwa sehemu inayozidi shilingi 800,000. Mtu akitazama viwango hivyo peke yake atasema kwamba mnyonge amelindwa.

Lakini mshahara haukatwi kodi ya mapato peke yake. Hadi Januari 2023, mfanyakazi huyo wa shilingi 24,000 alikuwa akikatwa shilingi 750 za bima ya afya na shilingi 200 za mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla shilingi 950. Kufikia mwaka 2025 alikuwa akikatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima mpya ya afya, asilimia 1.5 kwa ajili ya ujenzi wa nyumba za bei nafuu, na asilimia 6 kwa ajili ya hifadhi ya jamii. Jumla yake ni shilingi 2,460. Ni kweli kwamba fedha za hifadhi ya jamii ni akiba yake ya uzeeni, na bima ya afya humfaa anapougua. Hata hivyo, mwenye nyumba hapokei akiba ya uzeeni badala ya kodi ya chumba. Kiwango cha kodi ya mapato kwa mfanyakazi huyo hakikuguswa hata kidogo, na bado fedha anayopeleka nyumbani ilipungua kwa zaidi ya shilingi 1,500 kila mwezi.

Ndiyo maana Muswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliokusudia kukusanya kiasi cha shilingi bilioni 346 zaidi, uliwakuta wananchi wakiwa wamekwisha kukazwa mkanda. Baadhi ya mapendekezo, kama lile la kutoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate, yaliondolewa kabla ya kura ya mwisho, lakini hasira haikutulia. Tarehe 25 Juni, 2024, siku Bunge lilipoupitisha muswada huo, waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge mjini Nairobi, na jeshi likaitwa kusaidia polisi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliopoteza maisha katika maandamano hayo ya nchi nzima.

Jambo hili linawahusu kwa namna ya pekee watu wa vikosi vya ulinzi na usalama. Kosa la hesabu linapofanyika ofisini, anayepelekwa barabarani kukabiliana na matokeo yake ni askari. Na askari polisi wa Kenya aliyesimama siku ile mbele ya umati alikuwa naye mtumishi wa umma, mwenye hati ya mshahara iliyokatwa makato yale yale. Sera ya kodi, kwa hiyo, ni sehemu ya usalama wa taifa sawa na mipaka na silaha.

Nchini Uganda mambo yalikwenda kwa njia ya kimya zaidi. Mwaka wa fedha 2012/2013 serikali ilipandisha kiwango cha mshahara usiotozwa kodi kutoka shilingi 130,000 hadi shilingi 235,000 za Uganda kwa mwezi. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini kwa zaidi ya miaka 10 iliyofuata, kiwango hicho kiliachwa pale pale huku bei za vitu zikipanda. Mfanyakazi aliyekuwa akipata shilingi 230,000 wakati ule hakulipa kitu. Mwajiri akimwongezea baadaye hadi shilingi 300,000, ili tu aweze kununua unga na mafuta ya taa kama alivyonunua awali, sheria inamwona kuwa ametajirika na kumtoza asilimia 10 ya kile kinachozidi 235,000, yaani shilingi 6,500. Hakuna waziri aliyetangaza kodi mpya, wala mbunge aliyeipigia kura. Kodi iliongezeka kwa sababu sheria ilisimama na bei zikaenda.

Uganda inatoa pia fundisho la pili, ambalo askari atalitazama kwa makini. Sheria ya nchi hiyo imesamehe kodi mapato ya kazi ya wanajeshi, polisi na askari magereza. Mtu anaweza kuutetea msamaha huo kwa kutaja hatari ya kazi na udogo wa mishahara ya vyeo vya chini. Lakini kila msamaha una mlipaji wake. Muuguzi na mwalimu wenye mshahara kama wa koplo hulipa, na koplo halipi. Wakubwa nao hawakukawia kuiga: mwaka 2016 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kusamehe kodi posho za wabunge. Hapo ndipo hatari ya misamaha ya kazi kwa kazi inapoonekana. Hufunguliwa mlango kwa jina la mnyonge, na mwenye nguvu akapita humo humo.

Rwanda ilichukua hatua iliyo karibu zaidi na haki. Kuanzia Novemba 2022 iliongeza mara mbili kiwango kisichotozwa kodi, kutoka faranga 30,000 hadi faranga 60,000 kwa mwezi, na mwaka uliofuata sehemu ya mshahara kati ya faranga 60,000 na 100,000 ikashushiwa kodi kutoka asilimia 20 hadi 10. Nafuu hiyo ilimfikia kila mwenye mshahara mdogo, awe mlinzi wa ghala au karani. Hata hivyo, Januari 2025 mchango wa pensheni ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu ukilipwa na mfanyakazi na nusu na mwajiri. Hivyo hata huko, mfanyakazi anapaswa kuyahesabu makato yake yote kwa pamoja.

Tanzania nayo imepita katika hesabu hizo. Mwaka 2020 kiwango cha mshahara usiotozwa kodi kilipandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi shilingi 270,000 kwa mwezi, na Julai 2021 kodi ya daraja la kwanza ikashushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipofika shilingi 500,000 Julai 2025, sehemu kubwa zaidi ya mshahara wa chini iliangukia ndani ya daraja linalotozwa. Yaliyoonekana Uganda yanaonya kwamba kila mshahara unapopanda, kiwango hicho nacho kinapaswa kutazamwa upya.

Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kwa mwenye mshahara mnono kusema kwamba shilingi 500 au 1,000 si kitu kwa mfagizi. Kabla ya serikali yoyote kurudi kwa mfagizi huyo, inapaswa kwanza kumfikia mwenye majumba ya kupangisha asiyetoa stakabadhi, mfanyabiashara mkubwa anayeficha faida yake, na mwenye cheo anayelindwa na msamaha. Inapaswa kuyajumlisha makato yote, yaitwe kodi, ada au mchango, na kumwonyesha mwananchi fedha yake imejenga nini. Hilo likitendeka, hata mwenye kipato kidogo atakubali kutoa sehemu yake, maana atajua kwamba wenzake wenye nacho wametangulia kutoa ya kwao.