Kodi Baridi, Kodi Moto: Ukitafuta Nyumba Berlin

Aliyezoea kupanga Dar es Salaam anajua shida ni kupata kodi ya miezi sita kwa mkupuo na cha juu cha dalali. Berlin shida inaanzia kwenye tangazo lenyewe, kwa sababu lina bei mbili, na vijana wetu wanaokwenda huko kusoma au kufanya kazi huumizwa na ile wanayoiona kwanza.

Chukua tangazo la mfano: "2 Zimmer, 54 m², 600 kalt, 840 warm". Kalt ni baridi, warm ni moto. Yuro 600 ni kodi ya kuta tupu. Zile 240 zinazoongezeka ni za kupasha nyumba joto, maji, takataka na usafi wa ngazi, tena ni makadirio: kila mwaka hesabu halisi hupigwa, ukizidisha unadaiwa, ukibana unarudishiwa. Umeme na intaneti kwa kawaida unajilipia kando. Na hizo "2 Zimmer" si vyumba viwili vya kulala. Sebule imehesabiwa humo. Tafuta pia herufi EBK, maana yake jiko limeshafungwa. Zisipokuwepo, unaweza kufungua mlango ukakuta mabomba mawili yamechomoza ukutani, hakuna sinki, hakuna kabati, hakuna pa kubandika sufuria.

Sheria ya Ujerumani inamlinda mpangaji, ila lazima aijue. Amana haizidi kodi baridi ya miezi 3, yaani 1,800 kwa mfano wetu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, kila mwezi fungu moja. Tangu Juni 2015 dalali hulipwa na aliyemtuma. Akiwa katumwa na mwenye nyumba, wewe hudaiwi kitu.

Kwa mgeni asiye na historia ya madeni nchini humo, naona njia nafuu ni kuanza na chumba katika WG, nyumba ya kushirikiana jiko na bafu. Wapangaji wenzako ndio watakaokuhoji, nao hutazama zaidi kama mtaelewana.

Jihadhari na mambo mawili. Mtu akikwambia yuko nje ya nchi, umtumie amana kwanza naye atakutumia funguo kwa posta, huyo ni mwizi. Na chumba cha bei chee ambacho mwenyewe hataki ujiandikishe kwa anwani yake, kiache. Sheria inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki 2 tangu uhamie, na namba yako ya kodi ya mapato hutumwa kwenye anwani hiyo. Ofisi ya kujiandikisha itakudai barua ya mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Siku ileile unayokwenda kuona chumba, muulize kama ataitoa, kabla kalamu haijagusa mkataba.