Uso Uliofunikwa Mbele ya Sheria

Sheria zinazokataza watu kufunika nyuso zao hadharani, yaani barabarani, sokoni, katika vituo vya mabasi na kwenye mikutano ya wazi, zimeongezeka katika nchi nyingi tangu karne hii ianze, na kila zinapotungwa huzuka ubishi uleule baina ya wanaoshikilia kwamba mtu asiye na nia mbaya hana sababu ya kujificha na wanaojibu kwamba Serikali haina mamlaka ya kumpangia mtu mzima namna ya kuvaa. Kwa mkazi wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ubishi huo unaweza kuonekana kuwa wa watu wa mbali. Hata hivyo, mji huo ni mahali pazuri pa kupimia hoja za pande zote mbili, kwa kuwa ndani yake watu wa dini, makabila na kazi mbalimbali hufunika nyuso zao kila siku, na karibu wote hufanya hivyo kwa sababu ambazo hazimhusu polisi hata kidogo.

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhuka, dereva wa bodaboda huvaa kofia ya mzula iliyovutwa hadi shingoni ikaacha macho tu, kisha juu yake akaweka helmeti ambayo sheria ya usalama barabarani inamlazimisha kuivaa. Wakati wa kiangazi vumbi huwafanya wapita njia wajifunge vitambaa puani na mdomoni, na mgonjwa wa kifua hutoka hospitali akiwa na barakoa aliyoshauriwa na daktari. Wapo wanawake wa Kiislamu wanaovaa nikabu, yaani kitambaa kinachofunika uso wote isipokuwa macho, na katika barabara itokayo Arusha, maeneo ya Makuyuni na Minjingu, huonekana vijana wa Kimaasai waliotoka jandoni wakiwa na shuka nyeusi na nyuso zilizochorwa kwa rangi nyeupe kuanzia paji la uso hadi kidevuni, kiasi kwamba hata jirani anaweza asimtambue mtoto wa mwenzake. Kifungu kimoja kifupi cha kukataza uso kufichwa hadharani kingewaweka watu wote hao kizimbani pamoja na jambazi, au kingelazimika kuorodhesha misamaha mingi hadi askari wa zamu abaki ndiye mwamuzi wa nani asamehewe na nani akamatwe.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16 ya Sheria, ambayo ndiyo sheria kuu inayotaja makosa ya jinai na adhabu zake, haikuchagua njia hiyo. Katika sehemu inayohusu uvunjaji wa nyumba, sheria hiyo inamtia hatiani mtu anayekutwa akiwa amefunika uso, ameupaka rangi nyeusi au amejibadilisha sura kwa namna nyingine, akiwa na nia ya kutenda kosa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba uzito wote. Upande wa mashtaka hauwezi kuishia kuthibitisha kwamba uso ulikuwa umefunikwa, bali unapaswa kuthibitisha pia nia, kwa mfano kwa kuonyesha mtarimbo uliokuwa mkononi, saa ya usiku na ukuta uliokuwa ukirukwa.

Kifungu hicho kina historia ndefu. Mwaka 1723 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kali dhidi ya watu waliokuwa wakiwinda paa katika misitu ya mfalme na ya mabwana wakubwa huku wamejipaka masizi usoni, na chini ya sheria hiyo mtu aliyekutwa msituni akiwa na silaha na uso uliopakwa weusi aliweza kunyongwa hata kama hakuwa amemgusa mnyama yeyote. Ilichukua takriban miaka 100 kabla sehemu kubwa ya sheria hiyo kufutwa mwaka 1823, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 kuhusu wizi ilipogusa tena jambo la kujificha uso, ililifunga pamoja na nia ya kutenda kosa kubwa. Lugha hiyo iliyorekebishwa ndiyo iliyoingia katika sheria za makoloni, ikiwemo Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930. Ni jambo la kutia uchungu kwamba katika karne ya 21 nchi kadhaa zinarudi mahali ambapo Uingereza ilikwishaondoka, yaani kuadhibu kitambaa chenyewe.

Ni haki kukiri kwamba si kila sheria ya aina hiyo ilitungwa kwa nia mbaya. Jimbo la Georgia nchini Marekani lilipitisha katazo lake mwaka 1951 dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la Wazungu waliovaa makofia marefu yaliyofunika uso ili kuwatisha na kuwatesa Wamarekani Weusi bila kutambuliwa, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ililiunga mkono kwa kuwa vitisho hivyo vilikuwa vya kweli na vilijulikana. Lakini sheria ya New York ya mwaka 1845, iliyotungwa dhidi ya wakulima wapangaji waliojigeuza sura wakati wa kupinga kodi za ardhi, iliendelea kuwepo kwa zaidi ya miaka 170 na ikatumika dhidi ya waandamanaji wasiohusiana kabisa na wakulima hao, hadi ilipofutwa mwaka 2020. Katazo pana halifi pamoja na hatari iliyolizaa, bali hubaki likimsubiri mwenye madaraka atakayelihitaji.

Barani Afrika mfano wa kuhuzunisha zaidi ni wa Chad, ambako Serikali ilipiga marufuku vazi linalofunika uso siku mbili baada ya mashambulizi ya mabomu ya Juni 15, 2015 jijini N'Djamena. Chini ya mwezi mmoja baadaye, mwanamume aliyejifunika vazi la kike alijilipua katika soko la jiji hilohilo na kuua watu. Aliyekusudia kufa hakuwa na cha kuogopa katika sheria ya mavazi, ilhali mzigo wa katazo uliwaelemea wanawake waliokwenda sokoni kununua mboga. Huko Ufaransa, sheria ya mwaka 2010 inayokataza kufunika uso hadharani iliungwa mkono na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2014 kwa hoja ya kuishi pamoja kama jamii, lakini mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba kuwaadhibu wanawake wawili kwa kuvaa nikabu kulivunja uhuru wao wa dini. Na Hong Kong, iliyokataza barakoa Oktoba 2019 ili kuzima maandamano, iliwalazimisha wakazi wake kuzivaa mwaka uliofuata kwa sababu ya ugonjwa wa korona, huku katazo la kuzivaa mikutanoni likiwa bado halijafutwa.

Mkoa wa Manyara nao una kumbukumbu yake ya Serikali kuingilia vazi la raia, ingawa jambo lililobishaniwa halikuwa uso. Mwishoni mwa mwaka 1967 na mwanzoni mwa 1968, viongozi wa Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha Babati, Simanjiro na Kiteto kabla Manyara haijamegwa mwaka 2002, waliendesha operesheni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na rangi nyekundu ya mwilini na badala yake wavae suruali na magauni, na waliokaidi walizuiwa kupanda mabasi. Kuanzia Januari 1, 1969, Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana jijini Dar es Salaam. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, yaani maendeleo upande mmoja na utamaduni wa taifa upande wa pili, lakini matokeo yake yalikuwa kumnyima mtu usafiri au kumvunjia heshima hadharani kwa sababu ya nguo. Shuka haikutoweka, na leo huuzwa katika soko la Babati kama kawaida.

Kinachomlinda raia leo, na ambacho hakikuwepo wakati huo, ni sura ya haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ibara ya 16 inalinda faragha, ya 18 uhuru wa maoni, ya 19 uhuru wa dini, na ya 20 uhuru wa kukutana na watu wengine kwa amani. Haki hizo zina mipaka, kwa kuwa Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuziwekea masharti kwa ajili ya usalama na masilahi ya umma, lakini mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mahakama ya Rufani iliweka kipimo kilicho wazi: sheria inayobana haki haipaswi kuacha mwanya wa maamuzi ya kiholela, na haipaswi kubana zaidi ya kiasi kinachohitajika kufikia lengo halali. Kwa kipimo hicho, katazo la jumla la kufunika uso lingeanguka mara mbili, kwanza kwa kumwachia askari hiari isiyo na mipaka, na pili kwa kuwakamata maelfu wasio na hatia ili kumpata mmoja ambaye Kanuni ya Adhabu tayari inamtosha.

Zipo nyakati ambapo uso unapaswa kuonekana. Anayepigwa picha ya kitambulisho cha taifa, anayechukua fedha benki, au anayehakikiwa jina kituoni siku ya kupiga kura anaweza kuombwa afunue uso kwa muda mfupi, na kwa mwanamke anayevaa nikabu, ufunuo huo ukifanyika faraghani mbele ya ofisa mwanamke, hakuna haki iliyovunjwa. Tofauti na hayo, anayehudhuria mkutano wa hadhara uliotolewa taarifa polisi saa 48 kabla, kama Sheria ya Jeshi la Polisi inavyotaka, hana anachopaswa kuthibitisha. Mtumishi anayehofia kuhamishwa, au mfanyabiashara anayehofia leseni yake, anaweza kutaka kusikiliza hoja za wapinzani bila sura yake kunaswa na simu za watu, na uoga huo si kosa la jinai.

Uso uliofichwa unaopaswa kuwatia Watanzania hofu kubwa zaidi ni wa yule anayekamata wengine. Tangu mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu apigwe risasi jijini Dodoma Septemba 7, 2017, jina la "watu wasiojulikana" limezoeleka midomoni kuliko inavyostahili nchi yenye mahakama, na Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, kada wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alishushwa kwenye basi Dar es Salaam na watu wenye silaha, kisha mwili wake ukapatikana siku iliyofuata huko Ununio. Nchini Kenya, baada ya maandamano ya vijana ya mwaka 2024 kuzimwa na watu waliofunika nyuso huku wakitumia magari yasiyo na alama za polisi, Jaji Bahati Mwamuye wa Mahakama Kuu aliamuru askari wanaosimamia maandamano wavae sare na wasifiche nyuso zao. Amri hiyo iliweka wajibu mahali pake. Raia hubeba uso wake kama mali yake binafsi, lakini askari hubeba mamlaka ya umma, na mamlaka yasiyotambulika hayawezi kushtakiwa wala kuwajibishwa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, tayari inamtaka anayekamata amweleze anayekamatwa kosa lake palepale. Bunge liongeze juu ya hapo sharti kwamba anayekamata aonyeshe uso wake, ataje jina na namba yake, na aseme kituo anakompeleka mtu huyo, na mkazi wa Babati anayeona ndugu yake akichukuliwa bila hayo adai aelezwe yote hayo, kisha afike kituo cha polisi siku hiyohiyo kuandikisha taarifa.