Utafiti Urudi kwa Wenyewe: Maandiko ya Vyuo Vikuu vya Katanga na Faida Yake kwa Familia Zilizohamishwa



Mtu aliyehamishwa kwao huzoea kuulizwa maswali. Anaulizwa na serikali, anaulizwa na mashirika, anaulizwa na wanafunzi wa chuo kikuu: alitoka wapi, lini, na watoto wangapi, aliacha nini nyuma. Anajibu, daftari linafungwa, mgeni anakwenda zake. Katika makala hii tunaeleza majibu hayo huishia wapi, na jinsi familia na viongozi wao wanavyoweza kuyatumia. Tunachukua mfano wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, kwa sababu mji huu unajua vizuri maana ya kufukuzwa na maana ya kurudi.

Chuo kidogo huandika nini?

Likasi ina chuo kikuu chake cha serikali, kinachoitwa kwa kifupi UNILI. Kilomita 120 hivi kutoka hapo kuna Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, ambacho ni kikubwa na cha zamani zaidi. Chuo kidogo hakina fedha za kuchapa vitabu vingi. Sehemu kubwa ya maandiko yake ni kazi za wanafunzi wanaomaliza masomo, ambazo wengi huziita memwari. Mwanafunzi huchagua jambo moja, mara nyingi katika mtaa anaoujua, huhoji watu, huandika kwa Kifaransa, hutetea kazi yake mbele ya walimu, kisha nakala huwekwa katika maktaba.

Zaidi ya memwari kuna aina nyingine tatu. Kuna makala za wataalamu, ambazo husomwa na kukaguliwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Kuna vitabu na ripoti. Na kuna kazi ya kueneza elimu kwa wananchi: maonyesho, mikutano, michezo ya kuigiza, vipindi vya redio.

Kila aina ina nguvu yake na udhaifu wake. Memwari hujua habari za mtaa kwa undani, lakini imepita mikononi mwa watu wachache. Makala imekaguliwa sana, lakini mara nyingi husomwa Ulaya kabla haijasomwa Likasi. Ripoti huandikwa kwa ajili ya aliyetoa fedha. Kazi ya kueneza elimu ndiyo inayomfikia mama sokoni, nayo ndiyo inayokosa fedha kwanza.

Yaliyoandikwa juu ya mwaka 1992

Wazee wa Likasi wanaijua habari hii, lakini vijana wengi wameisikia nusu nusu. Tangu wakati wa ukoloni, kampuni ya Union Minière na kampuni ya reli zilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo, na safari ya kwenda Katanga ikawa rahisi. Watoto na wajukuu wa wafanyakazi hao walizaliwa Katanga, na wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai.

Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Kazi na mishahara ikawa shida. Siasa nayo ikachochea moto. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa chama cha UFERI walieneza maneno ya chuki. Watu wa Kasai waliitwa "bilulu", maana yake wadudu.

Mwezi wa Septemba 1992 nyumba za watu wa Kasai katika Likasi zilishambuliwa. Maelfu walikimbilia stesheni ya reli na majengo ya shule, wakakaa huko wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Wengi walikufa kwa magonjwa wakati wa kungoja na njiani. Kuanzia Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kubwa juu ya uhalifu uliofanyika nchini. Ripoti hiyo inahusu kipindi cha kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003. Kwa hiyo siku za kwanza za Likasi, Septemba 1992, ziko nje ya kipindi chake. Hapa ndipo tunapoona faida ya watafiti wa nchi yenyewe. Mwanahistoria Bakajika Banjikila alichapisha mwaka 1997 kitabu juu ya kufukuzwa kwa watu wa Kasai kutoka Katanga, akiunganisha mambo ya 1961 na ya 1992. Mwaka 2001 Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa UNILU, alitoa kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997. Kitabu hicho kinasaidia kuelewa jinsi kampuni ilivyokuwa kama baba wa familia hizo, na jinsi watoto wa migodi walivyojiona wametupwa ilipoanguka.

Mambo haya mawili yasomwe pamoja. Chuki ya 1992 haikuzaliwa na damu ya kabila. Ililelewa na wanasiasa wakati ambapo chakula kimepungua mezani.

Yaliyoandikwa juu ya kurudiana

Utafiti haukuishia kwenye kuhesabu maumivu. Mwaka 2005 Dibwe dia Mwembu pamoja na Marcel Ngandu Mutombo walichapisha kitabu juu ya kuishi pamoja katika Katanga. Mwaka 2006 Dibwe aliandika makala inayofuatilia jinsi uhusiano kati ya watu wa Katanga na watu wa Kasai ulivyorekebishwa kati ya 1991 na 2005.

Kazi kama hizi zinafaa sana viongozi. Wengi tunajua kueleza vita vilianzaje, lakini ni wachache wanaoweza kueleza amani ilirudije. Ndoa za watu wa pande mbili, makanisa, soko, mechi za mpira na misiba ya mtaani ni mambo ya kila siku, na hatuyaoni kuwa kazi ya amani. Mtafiti anapoyaandika, shefu wa mtaa anapata cha kuonyesha vijana wake: jirani alifukuzwa hapa, na jirani alipokelewa tena hapa hapa.

Jambo hili ni la leo. Vita vilivyoanza Kasai mwaka 2016 viliwahamisha watu zaidi ya milioni moja. Katika miaka iliyofuata familia nyingi zilishuka tena kusini kutafuta maisha katika miji ya migodi. Kutoka kaskazini, familia za Mitwaba na Pweto nazo zilikimbia vikundi vyenye silaha. Wanapofika, neno "wageni" husikika tena. Kiongozi anayejua habari za 1992 anajua pia neno hilo linaweza kufika wapi.

Utafiti juu ya afya na mahali pa kukaa

Amani inahusu pia ardhi tunayokalia. Familia iliyohamishwa hupata kiwanja pale ambapo ni rahisi, na katika miji ya migodi mahali rahisi mara nyingi ni karibu na viwanda au taka za madini. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU, pamoja na wenzake wa Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti na metali nyingine nyingi mwilini kuliko watu wa mbali, na watoto walionekana kuingiwa zaidi.

Utafiti huo ulipima kilichoingia mwilini. Haukusema kwamba kila aliyepimwa ni mgonjwa. Lakini kwa kiongozi anayetafutiwa kiwanja cha familia mia moja, habari hiyo inatosha kumfanya aulize: kiwanda kiko umbali gani, maji yanatoka wapi, watoto watachezea udongo gani?

Kiswahili pia ni lugha ya elimu

Wengine hudhani utafiti ni mambo ya Kifaransa tu. Historia ya Katanga inakataa. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi, kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani wa zamani. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri yake, na wasomi wa nchi nyingi wakaisoma. Baadaye, katika mpango wa kukusanya kumbukumbu za Lubumbashi, kitabu cha 2001 kilibeba neno letu "Ukumbusho" katika jina lake. Ikiwa wapishi na waboi waliweza kuandika historia yao, waliohamishwa nao wanaweza kudai kuelezwa utafiti wao kwa lugha wanayoielewa.

Mambo ya kumuuliza mtafiti

Viongozi wasimfukuze mwanafunzi anayekuja na daftari. Pia wasimfungulie mlango bila kuuliza. Tunapendekeza maswali haya sita:

1. Unatoka chuo gani, na mwalimu gani anasimamia kazi yako? Una barua ya chuo?
2. Nani ametoa fedha, na anataka kujua nini?
3. Majina yetu yataandikwa? Anayetaka kufichwa atafichwaje?
4. Utahoji pande zote, au upande mmoja tu?
5. Mtu akikataa kujibu, au akichoka katikati, atapoteza msaada wowote?
6. Utarudi lini kutueleza ulichokipata, kwa Kiswahili, na utaacha nakala kwa nani?

Swali la sita ndilo kubwa. Nakala moja katika sanduku la kamati ya waliohamishwa ina kazi nyingi. Inaweza kusomwa katika mkutano wa mtaa. Inaweza kuonyeshwa kwa ofisi au shirika jipya, ili watu wasianze upya kusimulia yale yale. Inaweza pia kusaidia familia inayodai nyumba au shamba: Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya uhamisho wa ndani zinasema kwamba wenye mamlaka wana wajibu wa kuwasaidia wanaorudi kupata tena mali waliyoiacha. Utafiti peke yake si hati ya kiwanja, lakini unaonyesha nani aliishi wapi, na kwa nini aliondoka.

Vyuo navyo vina wajibu. Memwari inayokaa maktabani bila kusomwa ni sawa na mbegu iliyobaki ghalani. Siku moja ya mkutano, ukurasa mmoja wa Kiswahili, nusu saa ya redio: hayo hayahitaji chuo kikubwa, na chuo kidogo kilicho karibu na watu kinaweza kuyafanya vizuri kuliko kingine chochote.

Tunawaomba viongozi wanaosoma jarida hili wafanye jambo moja mwezi huu: wakusanye kamati, wakumbuke watafiti gani walipita kwao, kisha waende chuoni kuomba nakala. Maneno yaliyoandikwa humo ni yenu. Mliyatoa bure, tena mengine mliyatoa kwa machozi. Yarudi nyumbani, yawasaidie watoto wenu kukaa na jirani kwa amani.