Kindu: Kabla pesa haijatoka nyumbani, familia iikalie pamoja

Kila asubuhi mitumbwi inavuka mto Lualaba kutoka komini ya Alunguli, imebeba mihogo, sombe, mchele na mafuta ya mawese kwenda kwenye masoko ya ng'ambo, upande wa Kasuku na Mikelenge. Jioni mama anarudi na pesa aliyoifunga kwenye ncha ya kikwembe. Kesho yake, akifungua lile fundo, anakuta imebaki ya kununua bidhaa kidogo tu. Nyingine imekwenda wapi? Mara nyingi, hakuna mtu nyumbani anayeweza kujibu.

Katika mji wa Kindu, swali hili ni zito. Familia nyingi hazina mshahara wa mwisho wa mwezi. Zinaishi kwa biashara ndogo, shamba, uvuvi, kinga na pikipiki. Vitu vya kiwandani vinatoka mbali, kwa treni kutoka upande wa Katanga, kwa barabara mbaya au kwa ndege. Treni ikichelewa, bei ya chumvi na sabuni inapanda. Asiyekuwa na akiba ananunua kwa deni, na deni linakula faida ya wiki inayofuata.

Wazee wana sababu ya kuogopa kuweka pesa. Desemba 1979, utawala wa Mobutu uliondoa noti za zaire 5 na 10 na kuwapa raia siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiwango chenye mpaka. Wengi walibaki na makaratasi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja ya Kongo. Aliyeshuhudia hayo anapenda zaidi kununua mbuzi au bati kuliko kutunza noti. Si ujinga. Lakini mtoto akishikwa na malaria usiku, mbuzi hauziki saa ile, na akiuzwa asubuhi kwa haraka, anauzwa kwa hasara.

Ndiyo maana vikundi vya akiba vina nguvu. Likelemba inajulikana na kila mtu: watu kumi wanachanga, kila zamu mmoja anabeba yote. Ni nzuri kwa kununua kitu kikubwa, ila anayepokea wa mwisho amewakopesha wenzake wote bila faida, na ugonjwa haungoji zamu. Njia nyingine ni AVEC, kikundi cha akiba na mkopo. Mfumo huo ulianza Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika. Kwa kawaida wanachama ni 15 hadi 25. Kila wiki mtu ananunua hisa moja hadi tano. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Pesa inahesabiwa mbele ya wote. Mkopo unarudishwa na faida kidogo, na kuna mfuko wa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na kilio. Mwisho wa mwaka wanagawana kila mtu kulingana na hisa zake.

Lakini kikundi hakiwezi kuokoa nyumba isiyokuwa na mpango. Tuchukue mfano wa familia inayopata, baba na mama pamoja, franka 60,000 kwa wiki. Inaweza kugawa hivi: chakula 36,000, makala, sabuni na nauli ya mtumbwi 6,000, masomo 6,000, ugonjwa 3,000, kuongeza mtaji wa biashara 6,000, hisa za AVEC 3,000. Hizo 3,000 zinaonekana ndogo, lakini kwa wiki 52 ni franka 156,000, bila kuhesabu faida. Na 6,000 za masomo zikiwekwa wiki nane za likizo kubwa ni 48,000. Shule za msingi za serikali ni za bure tangu Septemba 2019, lakini daftari, nguo ya shule na karo ya sekondari bado ni mzigo wa mzazi. Mtoto anayefukuzwa darasani mwezi wa kumi, mara nyingi pesa yake ilipotea mwezi wa saba.

Kosa kubwa ni kula mtaji. Mama akitoa mchele wa kuuza na kuupika, aandike kama ameununua. Asipofanya hivyo, biashara itakufa huku kila mtu akisema soko ni baya.

Kosa la pili ni siri. Baba anaficha anachopata, mama naye anaficha chake, na kila mmoja anakopa mahali ambapo mwenzake hajui. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimlazimisha mwanamke aliyeolewa kupata ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria lenye kumfunga. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa sharti hilo. Mama anaweza kufungua konti au kukopa kwa jina lake. Hata hivyo, sheria haiwezi kuwakalisha watu wawili pamoja. Hiyo ni kazi yao wenyewe.

Pa kuanzia si mbali. Chukueni daftari la mtoto lililobakia kurasa. Kwa siku saba andikeni kila franka inayoingia na inayotoka, pamoja na bia, vocha za simu na mchango wa kilio. Jumapili jioni baba, mama na watoto wakubwa wasome pamoja, bila kugombana. Chagueni tumizi moja tu la kupunguza, na pesa hiyo iende kwenye akiba kabla ya kwenda sokoni. Ukingoja ibaki, haitabaki.