Taa Ndogo ya Kuisaka Risasi

Mama wa Kibera, jijini Nairobi, akichemsha maji ya mtungi wa lita 20, vijidudu vya kipindupindu hufa. Madini ya risasi hayafi. Maji yanapopungua kwa mvuke, risasi hubaki ileile katika maji machache zaidi. Dawa ya klorini nayo haifui dafu mbele yake, na majini risasi haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu.

Mwaka 2007, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, jijini humohumo, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la taka la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Mitaa ya Kibera na Kawangware si Dandora. Hata hivyo, betri kuukuu, rangi za zamani na vyuma chakavu havikosi mitaani. Na zile bustani za magunia, zilizoenea Kibera baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zinahitaji udongo. Sukuma wiki humea vizuri tu hata kama udongo huo umebeba risasi.

Je, maji au udongo una risasi? Kwa kawaida jibu hutoka maabara, kwa mashine inayopima jinsi atomi zinavyofyonza mwanga. Mashine hiyo ni sahihi, lakini ni ghali, na haibebeki hadi kwenye kibanda cha maji.

Wanasayansi wanatafuta njia nyepesi zaidi, na kanuni yake si ngeni Kawangware. Mwenye duka anapoishuku noti huimulika kwa taa ya urujuanimno, na alama zilizofichwa hung'aa. Kitu kinachopokea mwanga usioonekana na kurudisha unaoonekana husemwa kina fluoresensi.

Nukta za kaboni hufanya hivyohivyo. Ni chembe zenye upana wa chini ya nanomita 10, ilhali unywele mmoja hukaribia nanomita 80,000. Ziligunduliwa kwa bahati nchini Marekani mwaka 2004, watafiti walipokuwa wakisafisha mirija midogo ya kaboni. Leo hutengenezwa hata kwa maganda ya matunda, yakipikwa na maji ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, kama presha kuka yenye joto kali zaidi.

Juu ya nukta hizo hupachikwa molekuli zinazonasa ioni za madini. Ioni ikinaswa, nishati iliyokuwa igeuke mwanga hupotelea kwingine, na mng'aro hufifia. Kadiri ioni zinavyozidi, ndivyo giza linavyozidi. Aina nyingine hufanya kinyume: huwaka pale tu ioni inapofika. Nukta hizo zikipakwa kwenye karatasi, kinachobaki ni tone la maji, tochi ya urujuanimno na kamera ya simu.

Tatizo ni kwamba shaba na chuma pia huweza kuzima mng'aro, na maji ya mabomba yenye kutu yana chuma tele. Tope nalo huziba mwanga. Zaidi ya hayo, kipimo cha kuaminika lazima kiione risasi ikiwa mikrogramu 10 tu kwa lita, kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Ndiyo maana karatasi hiyo haichukui nafasi ya maabara. Kazi yake ni kuchuja: kati ya vibanda 50 vya maji, ionyeshe vichache ambavyo sampuli zake zinastahili gharama ya mashine.