Mtungi Kwanza, Jiko Baadaye: Hesabu ya Moto kwa Wapika Pombe wa Kampala

Saa nane mchana, katika ua mmoja wa mtaa wa Namuwongo, karai lililotengenezwa kwa pipa lililopasuliwa limekaa juu ya mafiga. Ndani yake unga wa ulezi uliochachuka unageuzwa kwa koleo. Mama anayeugeuza hapumziki, kwa sababu akiacha kidogo tu unga wa katikati unaungua, na malwa, pombe ya ulezi itakayotokana nao, itakuwa chungu. Moshi unamfuata kila anakohamia. Nyuma yake, juu ya sigiri, birika kubwa linasubiri jioni. Malwa hainyweki bila maji ya moto: chungu huwekwa katikati, kila mnywaji na mrija wake mrefu, na maji huongezwa na kuongezwa mpaka ulezi uishe ladha.

Kwa hiyo malwa hula moto mara mbili, kwenye kukaanga na kwenye kuuza. Tonto ya ndizi ina nafuu. Juisi hukamuliwa kwa majani, huchanganywa na mtama uliokaangwa, na haioni sufuria kabisa. Bia ya shayiri, ambayo baadhi yetu tunaipika nyumbani kwa mapenzi tu, ndiyo yenye njaa kubwa kuliko zote: kimea hulowekwa saa nzima kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68, kisha mchuzi wake huchemshwa kwa nguvu pamoja na hopsi saa nzima nyingine. (Waragi siuzungumzii hapa. Kuutonesha kulianza kuhitaji leseni kwa sheria ya 1965, na hatari zake ni za aina nyingine.)

Moto huu wote kwa miaka mingi umetoka kwenye kuni na mkaa. Zaidi ya kaya tisa kati ya kumi nchini Uganda bado zinapikia hivyo. Lakini Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, eneo lililokuwa likilisha Kampala magunia kwa malori. Tangu hapo mpika pombe anayenunua mkaa kwa kopo, siku kwa siku, ana sababu ya kusimama mbele ya duka la gesi na kuuliza bei.

Anachoonyeshwa kwanza ni jiko. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia mahali pabaya.

Tupige hesabu kwa dumu moja la maji la lita 20. Kulitoa kwenye nyuzi 25 hadi kuchemka kunahitaji karibu megajuli 6 za joto ndani ya maji yenyewe. Sigiri ya kawaida hufikisha kwenye maji kama sehemu moja tu ya tano ya joto la mkaa wake. Jiko la gesi lililokaa sawasawa hufikisha karibu nusu. Matokeo yake, dumu hilo hula karibu kilo nzima ya mkaa, au robo kilo ya gesi. Kila kilo ya gesi hufanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa. Chukua bei ya mkaa mtaani kwako, zidisha kwa nne, ulinganishe na bei ya kilo ya gesi pale unapojazia mtungi. Utapata jibu lako mwenyewe, na litabadilika kadiri bei zinavyopanda na kushuka, maana gesi yote ya Uganda huingia kwa malori kutoka bandari za Kenya na Tanzania.

Sasa jiko. Lile dogo la mezani lina nguvu ya kilowati 3 hivi. Dumu la lita 20 litachemka kwa saa moja na ushei. Sufuria ya lita 50 itahitaji karibu saa tatu, na ikiwa wazi kwenye upepo huenda isichemke kwa nguvu kabisa. Ukitaka lita hizo 50 zichemke kwa nusu saa unahitaji jiko la kilowati 16 au zaidi, na jiko kama hilo linavuta zaidi ya kilo moja ya gesi kwa saa.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Nilinunua jiko la chuma lenye sauti kama ya ndege inayoruka, nikaliunganisha na mtungi wa kilo 6 niliokuwa nao jikoni. Dakika 20 za kwanza zilipendeza. Kisha mtungi ukaanza kutoka jasho, jasho likawa barafu nyeupe, na mwali ukanywea huku gesi ikiwa bado nyingi ndani. Gesi ya majimaji hupoa inapogeuka kuwa hewa. Mtungi mdogo hauwezi kujipasha haraka kiasi cha kuendana na jiko kubwa. Mchuzi wangu ulibaki unafuka tu.

Ndiyo maana nasema mtungi kwanza. Mwenye mtungi wa kilo 13 anunue jiko la wastani, na anayetaka moto wa sufuria kubwa kila siku afikirie ule wa kilo 45, au miwili midogo iliyounganishwa na fundi anayejua. Regulata nayo ifuate jiko: ile ya nyumbani hutoa mgandamizo mdogo, na jiko la nguvu likifungwa nayo hulala, wakati ya mgandamizo mkubwa haifai kamwe jiko la mezani. Muuzaji asiyekuuliza una mtungi gani hajakuuzia jiko bado.

Aina ya kichwa cha jiko ni muhimu kuliko nguvu. Kichwa chenye tundu moja hupiga moto katikati kama tochi, na sufuria nzito ya maji huvumilia. Karai la ulezi halivumilii. Kwa kukaanga unahitaji kichwa cha pete mbili au tatu, kila pete na koki yake, moto mpana na mpole. Stendi itachomelewa Katwe, mtaa wa mafundi chuma. Mwambie fundi uzito wa sufuria ikiwa imejaa: lita 50 za maji peke yake ni kilo 50, na miguu mitatu iliyopindishwa kwa nondo nyembamba itakuangushia maji yanayochemka miguuni.

Kampala nayo ina masharti yake. Mji uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jiko lililopangwa kwa ajili ya pwani linaweza kuwaka njano na kupaka sufuria masizi. Fungua tundu la hewa hadi mwali uwe wa buluu. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Niliwahi kumwona mwenzangu akitazama kipimajoto na kungoja 100, huku gesi yake ikiisha.

Jiko likae nje au penye upenyo pande mbili. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, kwa hiyo dirisha la juu halitoshi. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga.

Kikwazo kikubwa kinabaki kile kile: mkaa unauzwa kwa kopo, mtungi unadai fedha za mkupuo. Wanawake wengi wa malwa wako tayari kwenye nigiina, upatu wa mtaani, na mtungi unaweza kuwa zamu ya mtu mmoja kila mwezi. Atakayeupata asikimbilie karai. Aanze na birika la jioni, kwa jiko dogo na mtungi wa kawaida, kwa sababu maji ya moto ndiyo yanayohitajika kila usiku na ndiyo yanayomaliza mkaa mwingi kimyakimya. Mteja akiinua mkono kuomba maji, koki inafunguliwa, na wateja wakiondoka tu, inafungwa. Mkaa uliobaki kwenye sigiri ungeendelea kuwaka hadi usiku wa manane.